Habari Ipokewayo kwa Ulimi



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu akampa masikio ya kusikia na akili ya kupambanua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani na katika mabweni ya shule, tunakuusieni na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulidhani ni la wasomi wa vyuo vikuu peke yao. Jambo lenyewe ni hili: neno litokalo katika redio, gazeti, televisheni au simu humfikaje mtu hata likamgeuza? Je, humwingia moja kwa moja, au hupita mahali kwanza? Si swali la anasa. Tutakusimulieni kisa, ndipo mtakapoona ya kuwa katika jibu lake mna afya za watu na roho zao.

Mwezi wa Machi mwaka 2011 tulikuwa Piyaya kwa siku kadhaa. Kwa asiyepajua, Piyaya ni kata ya wafugaji katika wilaya ya Ngorongoro, nchi ya nyasi upande wa mashariki wa Hifadhi ya Serengeti. Wenyeji wengi ni Wamasai, na Waislamu ni wachache. Tulifikia kwa mzee mmoja mwenye duka, mtu wa asili ya Kondoa, ambaye jioni aliiweka redio yake ya betri juu ya gunia la mahindi ili kila mtu asikie. Siku zile redio ilikuwa na habari moja tu. Katika kijiji cha Samunge, wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga. Bei yake ilikuwa shilingi 500, na kila mtu alikunywa kikombe kimoja. Ilisemwa kuwa kinaponya kisukari, shinikizo la damu, saratani na hata UKIMWI. Mzee Mwasapile alifariki dunia mwezi wa Julai mwaka 2021, nasi hatukusimama hapa kumhukumu marehemu wala kuitia dosari dini ya jirani. Tunazungumzia habari ilivyosafiri.

Tuliyoyaona pale dukani yalitustaajabisha. Jioni ya kwanza redio ilisema, wafugaji wakasikiliza wakiegemea fimbo zao, kisha wakaondoka. Jioni ya pili ikasema tena, wakaulizana mambo ya malisho. Wamasai wanayo desturi njema: wawili wakikutana njiani hawapitani kwa salamu fupi, bali husimama wakapeana habari, ambazo wao huziita ilomon. Huyu hueleza alikotoka, mvua ilikonyesha, nani mgonjwa na ng'ombe wa nani wamepotea. Mwenzake humsikiliza mpaka mwisho, kisha naye hueleza yake. Kwa watu waliolelewa hivyo, habari isiyo na mtu wa kuulizwa haijawa habari kamili. Redio ilisema, lakini nani angeiuliza redio, "Wewe umeona kwa macho yako?"

Jioni ya tatu akaja utingo wa lori, kijana anayejulikana pale, akasema yeye mwenyewe amekunywa, na shangazi yake aliyekuwa akiumwa miguu amekunywa pia na sasa anakwenda kisimani. Kulipokucha watu sita walikuwa wakitafuta gari. Redio ilisema siku mbili na hakuna aliyefunga mzigo. Mtu mmoja akasema kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, na safari ikafungwa.

Sasa tuwasikilize wataalamu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wasomi wengi wa Ulaya na Marekani waliingiwa na hofu. Waliona jinsi serikali zilivyotumia magazeti na mabango kuwapeleka vijana vitani, wakahisi kuwa neno la chombo cha habari ni kama sindano: likishadungwa, dawa imo mwilini, mgonjwa apende asipende. Wengine walilifananisha na risasi. Kisa kilichozoeleka kutolewa kuwa ushahidi ni cha tarehe 30 Oktoba 1938, pale Orson Welles alipotangaza katika redio ya Marekani mchezo wa kuigiza wa viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanaoivamia dunia. Asubuhi yake magazeti yaliandika ya kuwa watu walipagawa, wakakimbia ovyo. Watafiti wa baadaye walipochunguza wakaona hofu ile ilikuwa ndogo sana kuliko ilivyoandikwa, na Wamarekani walio wengi hawakuwa hata wakikisikiliza kipindi kile. Basi tazameni ajabu: kisa chenyewe kilichothibitisha nguvu ya redio kilikuwa kimekuzwa na magazeti.

Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake walikwenda katika wilaya moja ya jimbo la Ohio wakati wa uchaguzi wa rais. Wakawahoji watu wapatao 600, wakirudi kwao mara kwa mara kwa miezi kadhaa, ili waone magazeti na redio yanavyozigeuza kura. Walitazamia kuiona sindano ikifanya kazi. Waliogeuka wakawa wachache, na hao wachache walipoulizwa ni nini kilichowageuza, mara nyingi walimtaja mtu: jirani, mwenzi wa kazini, ndugu. Katika kila mtaa walikuwako watu wanaofuatilia habari kuliko wenzao, nao ndio waliosikilizwa. Neno hutoka katika chombo likamfikia mtu huyo, kisha kutoka kwake likawafikia wengine. Nadharia hii huitwa ya hatua mbili, na kitabu chao kilitoka mwaka 1944. Ingawa wasomi wameikosoa na kuiongezea mengi tangu hapo, sisi tuliokaa katika duka lile la Piyaya tulishaisoma kabla ya kuifungua.

Wala msidhani hayo ni ya Marekani tu. Wazee mnaotusikiliza mtaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Radio Tanzania ilitangaza masomo kwa muda wa wiki 12 juu ya malaria, kichocho, kuhara na usafi, na watu wapatao milioni 2 wakashiriki. Wale walioipanga hawakuiacha redio iseme peke yake. Waliandaa viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000, wakachapisha vitabu vya kusoma, na kila kikundi kikakutana kusikiliza, kisha kujadiliana na kuamua: tuanze na choo au tuanze na kisima? Vyoo vilichimbwa kwa wingi katika vijiji vyetu. Redio iliwasha moto, lakini kuni walileta watu wenyewe, na kiongozi wa kikundi alikuwa mtu wanayemjua, ambaye kesho wangeweza kwenda kukikagua choo chake.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, Radio Tanzania ilianza mchezo wa "Twende na Wakati", uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. (Hatuingii leo katika hukumu za kisheria za yaliyomo, tunataka njia yake tu.) Wengi wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia nyumbani, na mkewe Tunu. Kwa makusudi, kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo mpaka mwaka 1995, ili watafiti wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Tofauti ilionekana. Na walipouliza ilipatikanaje, waliona kuwa mchezo uliwafanya watu wazungumze: mume na mkewe, mwanamke na shoga yake, vijana barazani. Jambo lililokuwa la aibu kutajwa likapata njia ya kutajwa kwa kupitia Mkwaju. Katika mazungumzo hayo ndimo maamuzi yalimokatwa.

Njia hiyo hiyo hupitisha sumu. Mwaka 1994 majirani zetu wa Rwanda waliangamizana, na redio ya RTLM ikawa ikitaja majina ya watu na kuchochea. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, mkoa wetu huu, iliwatia hatiani wakuu wa redio hiyo, na ilikuwa haki. Lakini mtafiti mmoja, Scott Straus, aliyewahoji wauaji magerezani, alieleza kuwa wengi wao hawakutaja redio kuwa ndiyo iliyowatoa majumbani. Walimtaja mtu aliyebisha hodi, mkubwa wa kijiji au kundi la wanaume wa mtaa waliokuja kusema twende. Wataalamu wengine wanaipa redio uzito zaidi, na mjadala wao haujaisha. Kwetu yatosha kufahamu kuwa hodi ile ilibishwa na mkono wa jirani.

Pengine mwanafunzi atatuuliza: ikiwa ni hivyo, je, chombo cha habari hakina nguvu yake chenyewe? Kinayo, tena kubwa, ila haiko pale tulipozoea kuitafuta. Mwaka 1968, katika mji wa Chapel Hill huko Marekani, Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwauliza wapiga kura 100 ambao walikuwa hawajaamua, ni mambo gani wanayoyaona makubwa kwa nchi yao. Wakalinganisha majibu na yale magazeti na televisheni yaliyokuwa yakiyapa nafasi. Orodha mbili zile zilikaribia kuwa moja. Kwa hiyo chombo huenda kisiweze kumlazimisha mtu la kuamini, lakini huweza sana kumchagulia la kuliwaza.

Tuirudishe hoja hiyo Samunge. Majira yale ya mwaka 2011, katika nchi yenye mambo mengi, palikuwa na swali moja: umeshakwenda, au bado? Magazeti yaliweka picha za foleni za magari ukurasa wa mbele kila siku. Foleni zilizidi kilometa 20. Watu walitoka Kenya, Uganda na mbali zaidi, na wenye uwezo walikwenda kwa helikopta. Hata jina lilibadilika. Mzee aliishi Samunge, lakini vyombo vya habari vikaandika Loliondo, na mpaka leo ukitaja Loliondo kwa mtu wa mbali hakumbuki mji wala malisho, hukumbuka kikombe. Kila picha ya foleni iliongeza foleni, kwa kuwa msomaji alijisemea: watu wote hawa hawawezi kuwa wamekosea. Mwisho wa mwezi wa Machi mzee mwenyewe aliomba watu wasije kwa siku kadhaa mpaka waliokwisha kufika wapungue. Iliripotiwa kuwa wagonjwa zaidi ya 50 walikuwa wamefariki wakingoja zamu. Na wapo walioacha dawa za hospitali. Hakuna uchunguzi wa kisayansi uliopata kuthibitisha kwamba kikombe kile kinaponya UKIMWI wala kisukari.

Kuna jambo jingine ambalo W. Phillips Davison aliliandika mwaka 1983. Alisema kuwa mtu huamini vyombo vya habari huwaathiri wengine kuliko vinavyomwathiri yeye. Mwulizeni baba mwenye nyumba kama televisheni inamharibu: atasema hapana, inawaharibu watoto. Mwulizeni mtoto: atasema inawaharibu wadogo zake. Msomi hulisema la wasiosoma, mtu wa mjini hulisema la mtu wa porini. Nasi wahubiri tusijitoe humo, kwani tunasema haya mbele ya kipaza sauti, na sauti yetu hii ni chombo cha habari kama vingine.

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya 49, Al-Hujurat, kwamba akitujia mtu asiyeaminika na habari, tuichunguze, tusije tukawadhuru watu bila ya kujua kisha tukajuta. Aya hii tunaihifadhi sote, na mara nyingi huwanyoshea kidole wale waletao habari. Lakini iko aya nyingine, ya 15 katika Sura ya 24, An-Nur, iliyoshuka pale mama yetu Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipozuliwa uongo Madina. Humo wanalaumiwa watu kwa kuwa waliipokea habari ile kwa ndimi zao. Lizingatieni neno hilo. Mtu hupokea habari kwa masikio. Vipi ipokewe kwa ulimi? Wanavyuoni wamefafanua kuwa walikuwa wakipokezana, huyu akimnukulia huyu, yule akiisema mara tu aisikiapo. Baina ya sikio na ulimi hapakuwa na kituo. Wale hawakuizua habari. Waliipitisha tu, wakaona ni jambo jepesi, na mbele ya Mwenyezi Mungu halikuwa jepesi.

Hapo ndipo hatua ya pili ya Lazarsfeld inapogeuka kuwa amana. Kama neno la redio humfikia jirani kwa kupitia kwetu, basi kila mmoja wetu ni kituo cha kurushia matangazo, apende asipende. Siku hizi ni zaidi. Simu iliyo mkononi mwa kijana inapokea sauti ya daktari wa uongo, naye kwa kugusa kidole mara moja anaipeleka kwa shangazi zake, kwa wanafunzi wenzake na kwa kundi zima la msikiti. Shangazi hamjui daktari yule. Anamjua kijana. Ameisikia kwa mwanawe aliyesoma, na kwa hiyo ameiamini. Kijana akiulizwa atasema, "Mimi nimepeleka tu kama nilivyoletewa." Hivyo ndivyo walivyosema wa Madina.

Nasi tulipokuwa tukisimulia kisa cha Piyaya, kuna sehemu tuliiruka.

Usiku ule wa tatu, wafugaji walipokwisha kuondoka, mzee mwenye duka alifunga mlango, akakaa karibu nasi. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na vidonge vyake aliviweka katika kopo la majani ya chai juu ya rafu. Akatuuliza kwa sauti ya chini, "Shehe, nawe waonaje? Niende?" Tulikuwa tumechoka, na kesho yake tulikuwa na safari ya Karatu. Hatukuwa tumemwuliza daktari yeyote, wala kusoma lolote isipokuwa magazeti yale yale. Tungeweza kusema hatujui. Tungeweza kumwambia, "Mzee wetu, ukienda, vidonge usiviache." Badala yake tukasema, "Wanaosema wamepona ni wengi, mzee wetu. Kujaribu si kosa." Kisha tukalala.

Alikwenda. Aliporudi akalitoa kopo rafuni, akaacha vidonge kwa miezi kadhaa, kwa kuwa alijiona amepona. Kidonda kidogo cha kidoleni hakikufunga. Alipofikishwa hospitali ilibidi mguu ukatwe chini ya goti. Tulikwenda kumtazama, na binti yake akatueleza, bila ya hasira yoyote, ya kuwa watoto wote walimkataza kwenda, wakamkumbusha vidonge vyake, na walipomwambia habari za redio zina chumvi nyingi alikubaliana nao. Ila kila walipomsihi aliwajibu kwa neno moja: Shehe ameniambia si kosa.

Tukaingia alipolala. Akatusalimu kwa furaha, akatuuliza habari za nyumbani na za mvua huku Karatu, akaagiza tuletewe chai. Katika mazungumzo yote ya alasiri ile hakuitaja redio hata mara moja.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.